Sahani ya Mke Wangu

Jumatatu, 2 Juni

Siku mbaya. Imeharibikia dukani, na chanzo ni mke wangu, ingawa hakufanya lolote.

Alipita asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akanikuta nahangaika na paja la ng'ombe kwenye gari la machinjio, akalibeba yeye. Begani, peke yake, hadi kwenye ndoano. Mimi nilikuwa nahema kwa kulitazama tu. Sasa palikuwa na mteja, mama mmoja anayenunua vizuri kila wiki. Akamwangalia mke wangu toka utosini hadi kisiginoni, akasubiri aondoke, kisha akaniuliza kwa sauti ya msibani: anaumwa nini? Nikasema haumwi. Akasema pole baba, Mungu atamsaidia. Halafu akavuka barabara akaenda kununua kwa Nundu!

Nundu ni mshindani wangu. Jina limetoka shingoni mwake. Mke wake hukaa pale mbele kupokea pesa, mama mpana, mashavu yanang'aa, kiti hukioni. Watu wanasema ukimwona mama yule tu unajua nyama ya pale ina kitu. Na mimi? Muuza nyama mwenye mke aliyekonda kama ng'onda. Nundu hana haja hata ya kunisema. Ananiuliza tu kutoka ng'ambo, shemeji hajambo? Watu wanacheka.

Lakini habari kubwa ni hii. Shule ya bweni inatafuta mtu wa kuiletea nyama. Nikiipata hiyo kazi, duka limepona. Nikiikosa, nitafunga kabla mwaka haujaisha, na hilo nalijua mwenyewe na sijamwambia mtu. Mhasibu wa shule ana utaratibu wake. Haamini nyama ya dukani. Anakwenda kula nyumbani kwa muuzaji, na mke wa muuzaji awepo mezani, kwa sababu, anasema, nyama ya dukani hupambwa, lakini anacholisha mtu nyumbani kwake hakidanganyi. Kwa Nundu ameshakula. Kwangu anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Mke wangu akae mezani mbele ya mhasibu! Na ile mitulinga yake, mifupa ya juu ya kifua iliyochomoza!

Mimi nina jicho. Machinjioni wote wanajua. Nikimtazama ng'ombe nakutajia uzito, na mizani huja nyuma yangu kuthibitisha. Leo wakati wa chakula nimemtazama mke wangu. Kilo arobaini na sita. Akiongeza walau tano, tumeokoka. Yeye alikuwa anaanza kunieleza habari za mteja wake mmoja wa maji (ni dereva wa lori la maji, lile kubwa), nikamkatiza. Nilikuwa nakadiria.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa mfugaji ninayenunua ng'ombe kwake. Kazi yake ni kuchukua ng'ombe waliokonda, kuwafungia zizini na kuwatoa wanene. Nani anajua zaidi yake? Daktari? Daktari amempima mke wangu kila alipoombwa na ndugu zangu, na kila mara anasema mama yuko salama, huo ndio mwili wake. Jibu la mtu mvivu.

Mke sikumtaja, bila shaka. Nilisema nyumbani nina mtamba, ng'ombe jike aliyekonda. Akauliza, anakula? Nikasema ananishinda mimi. Ana minyoo? Hana. Amezaa? Nikasema bado, tunaingia mwaka wa nne. Anatumika kazi gani? Nikasema anavuta maji. Alishangaa kidogo, akasema basi apunguziwe safari. Apewe pumba iliyochanganywa na molasi, ile shira nyeusi ya miwa, asubuhi na jioni. Chumvi kidogo ili anywe. Asitembezwe juani.

Kisha akaongeza ambalo sikumwomba. Akasema wako wanyama ambao mbegu yao ndiyo hiyo. Mama mwembamba, baba mwembamba. Utawamwagia ghala zima na hawabadiliki, na ndio hao hao wanaobaki wamesimama ukame ukija. Ukiwa na wa namna hiyo, alisema, mwache alivyo.

Nimelipuuza. Ya kuambiwa changanya na yako. Nimerudi na debe la molasi.

Alhamisi, 5 Juni

Mume mwema ni mimi. Naamka wa kwanza, napika uji. Pumba naichekecha vizuri isije ikamkwama kooni. Molasi naweka bila huruma.

Jana alionja, akanitazama. Nikajiandaa kukana. Akasema hajawahi kupikiwa uji na mtu tangu alipoondoka kwa mama yake. Akamaliza bakuli, akaomba jingine. Akanishika bega alipokuwa anapita. Moyo ulinichoma kidogo. Ukapoa.

Kuhusu kupunguza safari: jana jioni nilitoa upepo kwenye tairi moja la lori. Nilitaka apumzike siku nzima, alale, mwili ushike. Asubuhi akaliona, akakunja mikono ya shati, akateremsha jeki, akabadilisha tairi peke yake. Tairi lile linanifika kifuani! Chai yangu haijapoa yeye amemaliza, jasho linamtiririka. Uji wote wa siku mbili umeishia pale uani. Nimeula wa chuya.

Jumapili, 8 Juni

Tulialikwa chakula cha mchana kwa shangazi yangu, aliyenilea. Nilikwenda na matumaini, maana shangazi hapakui kidogo.

Alimpokea mke wangu kwa kumshika kifundo cha mkono. Vidole viwili vya shangazi vikazunguka na kupitana, akauinua mkono ule juu waone ndugu wengine waliokuwepo. Wakaguna. Akamwuliza mbona hivi, mwanangu, au mumeo anakubania? Wote wakanigeukia mimi! Nikacheka haraka, nikasema nyama imejaa nyumbani mpaka mlangoni, ni yeye tu. Shangazi akasema mtoto naye atakaa wapi kwenye nyonga hizo. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anampakulia sahani ya pili.

Mke wangu akala. Akaletewa ya tatu, akala. Mmoja akasema kumbe anakula. Mwingine akasema basi ana minyoo. Nikaona hapa pana dhuluma: asipokula anaringa, akila ana minyoo. Niliona hivyo kabisa, nikafungua mdomo niseme. Shangazi akaniwekea kipande cha kifua chenye mafuta. Nikaufunga.

Njiani alitembea mbele yangu. Nikamwuliza kama ameshiba, akasema ameshiba. Nikafurahi. Nikimtazama kwa jicho la haki, ameongeza nusu kilo.

Jumanne, 10 Juni

Balaa.

Mfugaji alileta ng'ombe machinjioni, akapita dukani kuchukua chake. Mke wangu alikuwa juu ya ngazi ananifungia ndoano mpya. Nilimwona mfugaji anafungua mdomo na sikuwa na la kufanya. Akauliza, kwa sauti ile ya watu waliozoea zizi, yule mtamba wako mwembamba anaendeleaje? Pumba na molasi anavila?

Nikasema vizuri, vizuri sana, nikamsukumia bahasha yake. Hakuondoka. Mtu mwema kupita kiasi! Akasema amenifikiria tangu siku ile. Kama ni mwaka wa nne na hajazaa, na bado amekonda vile, asinitie hasara. Nimchinje tu.

Mke wangu, bila kugeuka, akamwambia sisi hatuna mtamba.

Mfugaji akamtazama pale juu. Kisha akanitazama mimi. Akavaa kofia yake, akaenda. Hakuhesabu hata bahasha.

Akashuka ngazini polepole. Akaniuliza, na ule uji? Nikasema pumba ilikuwa safi, nimeichekecha mwenyewe. Nilijua ni jibu baya kabla halijamaliza kutoka.

Alikaa kwenye gogo la kukatia nyama. Nilitegemea kelele. Nimezoea kelele, najua pa kujificha. Alisema kwa sauti ya kawaida:

"Shuleni walinipanga mstari wa wagonjwa, na sikuwa mgonjwa. Siku ya harusi yetu walinibonyeza mbavu kama nyanya za sokoni. Kila ninapokula kuna mtu anaangalia kijiko kinakwenda mara ngapi. Nikirudi nyumbani nilikuwa nasema, afadhali, hapa hakuna anayeniangalia. Kumbe wewe ndiye ulikuwa unahesabu kuliko wote."

Akarudi juu, akafunga ndoano ya mwisho, akaikaza. Akaenda kazini.

Nimeuza vibaya mchana kutwa.

Jumatano, 11 Juni

Jana jioni alipakua chakula, akaniwekea changu, akabeba sahani yake akatoka nje. Nikadhani anampelekea jirani. Akapanda kwenye lori pale uani, akafunga mlango, akapandisha vioo, akala humo humo. Leo asubuhi vilevile. Nilisimama nyuma ya pazia. Inauma, sikatai. Meza ni ya watu sita na ninakula natazamana na kopo la chumvi.

Nimeomba radhi. Nimesema sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu watu wamwone ana afya. Akaniuliza, kwani nani anaumwa? Swali gumu. Nikaona nibadilishe mada. Nikamwambia Jumamosi nina mgeni wa biashara, na kama hajisikii kukaa naye mezani, si lazima. Akasema sawa. Hata hakuuliza mgeni gani.

Ndipo wazo likaja! Dada yangu. Dada amejaaliwa: mabega, mashavu, shingo yenye mikunjo yake. Mhasibu hajawahi kufika kwangu, mke wangu atamjulia wapi? Nikaenda mbio. Dada akakataa. Akasema wifi yake ni mtu, si kiti kibovu cha kufichwa wageni wakija. Nikamweleza duka litafungwa. Nikalia. Yalikuwa machozi ya kweli, yalinishangaza hata mimi. Akakubali kwa sharti moja: uongo hatautamka kwa mdomo wake. Atakaa tu na kula.

Hilo linatosha. Hakuna anayekula kama dada.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike yote, labda yatapungua.

Mhasibu alikuja kwa wakati. Mtu mpole, miwani, anatafuna taratibu. Nilikuwa nimechoma ubavu na kuchemsha kifua, na nakiri sijawahi kupika vizuri vile. Aliuliza, huyu ndiye mama wa nyumba? Nikasema ndiye. Dada akakohoa. Akala. Mhasibu akala, akasifu, akaongeza. Akasema duka langu amelisikia muda mrefu kutoka kwa mtu anayemwamini sana. Kichwa kikanivimba. Nikajua ni wateja wangu wa zamani.

Tukamsindikiza, mimi na dada, hadi uani. Lori lilikuwa pale. Sikuwa nimelifikiria lori. Mke wangu alikuwa ndani, sahani mapajani.

Mhasibu akasimama, uso ukafunguka kama amekutana na nduguye. "Mama Maji! Kumbe hapa ndipo kwako?"

Kumbe mke wangu ndiye anayepeleka maji shuleni! Kila wiki, mvua na jua, tangu kabla hatujaoana. Kumbe mtu anayeaminiwa ni yeye, na duka alilolisifu, bila kusema ni la mume wake, ni langu. Ndilo alilotaka kunieleza siku ile mezani nikamkatiza.

Akashusha kioo. Akamtazama dada aliyesimama pembeni yangu na gauni la heshima. Akamtazama mhasibu. Mimi akanitazama mwisho, na si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Angeweza kunimaliza pale pale kwa neno moja.

"Hapana," akasema. "Mimi ni mpangaji tu hapa."

Mhasibu akatutazama mmoja mmoja, na nikaona ameelewa. Alinishukuru kwa chakula, akaondoka. Dada akaenda kwenye lori akagonga mlango, akimwita wifi, wifi yangu. Haukufunguliwa. Akarudi amejifuta macho, akanipita bila kuniaga.

Jumatatu, 16 Juni

Mke wangu ameondoka jana asubuhi kwenda kwa mama yake. Amechukua nguo zake na lori. Ua umekuwa mpana mno. Sijui nifanye nini na uwazi wote ule.

Leo mhasibu amekuja dukani mwenyewe. Hakutaka kunitumia ujumbe, na hiyo ni heshima, nadhani. Akasema nyama yangu ni bora kuliko zote alizoonja mwaka huu. Nikashika meza. Kisha akasema kazi amempa Nundu. Mtu anayebadilisha mke mezani, alisema, atashindwa nini kubadilisha nyama kwenye kapu?

Nikafuta meza iliyokwisha kuwa safi. 

Nundu ametundika mapambo mlangoni. Mke wake alinipungia mkono kutoka kitini, kwa wema kabisa, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba naye, watu wakisogea, huficha mikono yake chini ya meza. Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Ni lori. Ningelihamisha mapema.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa mama mkwe. Nilifunga duka, nikavaa shati la Jumapili, nikabeba nyama ya kutosha kijiji.

Mlango ulikuwa wazi na walikuwa wanakula. Bibi yao, mama mkwe, shemeji zangu wawili, na mke wangu. Ukoo mzima mifupa na vicheko. Sinia moja katikati, limejaa, linashuka haraka. Mikono inaingia na kutoka, mmoja anasimulia, mwingine anamkatiza, hakuna anayeangalia mkono wa mwenzake. Mke wangu alikuwa anacheka huku mdomo umejaa. Nikajaribu kukumbuka ni lini amecheka hivyo mezani kwangu. Nimekaa naye miaka yote hii na nimeshindwa kuikumbuka hata siku moja.

Akaniona. Tonge lilikuwa njiani. Akalirudisha kwenye sinia.

Hapo niliona aibu. Aibu hasa, ya masikio kuwaka moto. Nilimwamkia mama mkwe nikiwa nimeangalia viatu vyangu. Yeye akasogea, akanipa nafasi pembeni yake.

"Karibu, mwanangu, nawa mikono," akasema. "Hapa tunakula. Hatupimani."

Nikala.  Baadaye tukakaa nje, mimi na mke wangu, nikamwambia nyumba imenishinda. Nikamwambia kila mahali kuna yeye na hayupo. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Akasema hataki zawadi, hataki kuombwa radhi mbele za watu, hataki kupikiwa uji. Anataka jambo moja.

"Usiitazame tena sahani yangu. Hilo tu."

Nikaapa. Nikaapa tena mbele ya mama mkwe, mkono kifuani. Bibi naye akaamshwa asikie.

Jumapili, 22 Juni

Amerudi jana. Lori liko uani, ua umerudia ukubwa wake. Nimelala kama mtoto.

Kiapo ni kiapo. Sahani yake sitaitazama, na mimi si mtu wa kuvunja neno langu. Ila kiapo hakikutaja vioo. Asubuhi nimenunua kimoja kirefu, cha fremu ya mbao, nikakitundika kwenye ukuta wa pembeni mwa meza. Nikamwambia ni cha kupendezesha chumba. Alisimama akakitazama, akasema kweli, chumba kimepata mwanga. Akaniletea kitambaa tukakifuta pamoja.

Mchana tumekula wote wawili, mezani, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale. Aliongea. Alinieleza kisima kipya wanachochotea, nami nikasikiliza karibu yote. Macho sikuyapeleka upande wake hata mara moja! Niliangalia ukutani tu, kama mtu mwenye mawazo. Wali miko miwili. Nyama vipande vinne. Mboga. Akaongeza wali. Vizuri kabisa! Nikapanda taratibu, kutoka sahani hadi kifundo cha mkono, kutoka kifundo hadi mtulinga, natafuta zile kilo tano. Nilipofika usoni nikamkuta humo kiooni ananitazama.

Alikuwa ameacha kutafuna.  Alichukua sahani yake, akasukuma kiti mahali pake, akatoka. Nimesikia mlango wa lori, kisha vioo vikipanda.

Kesho nitakisogeza kile kioo cha ukutani kidogo kushoto.